Fundi Alipwe kwa Kupima

Hakuna mwenye pikapu katika nchi zetu asiyeijua hali hii: gari limeingia gereji kwa sababu ya kugonga mashimoni, likafunguliwa, likafungwa bushi mpya, boljointi mpya, shokapu mpya na pengine jani moja la ziada katika springi za nyuma kwa ajili ya mizigo, fedha zikalipwa, na lilipotoka barabarani mwendo wake ukawa laini lakini usukani wake ukawa mgeni. Linavuta upande, au halijirudi baada ya kona, au linatangatanga katika barabara iliyonyoka hata dereva hana budi kulirekebisha kila mara, au usukani umekaa mshazari ilhali gari linakwenda mbele. Mwenye gari hurejea kwa fundi, na fundi, aghalabu kabla ya kuinama chini ya gari, hutaja kipuri kingine cha kununuliwa. Watu wengi hunung'unika kwamba asili ya balaa hii ni ujinga wa mafundi. Mimi nasema asili yake ni desturi yetu wenye magari, ya kukubali kulipia chuma na kukataa kulipia maarifa.

Yatupasa kwanza kufahamu nini hutendeka saspensheni inapofunguliwa. Katika pikapu nyingi gurudumu la mbele limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na mhimili linaouzunguka wakati wa kukata kona umelazwa nyuma kidogo, digrii chache tu, na mlalo huo, ambao mafundi huuita kasta, ndio unaourudisha usukani katikati dereva anapoulegeza. Upo pia mwinamo wa gurudumu lenyewe kuelekea ndani au nje, uitwao kemba, na upo uelekeo wa magurudumu mawili yakitazamwa kutoka juu, kama yanakwenda sambamba au yanakaribiana kwa mbele. Vipimo hivi vitatu vimefungamana. Ukibadili bushi iliyokwisha, umeusogeza mkono. Ukiusogeza mkono, umeubadili mlalo. Na ukiliinua gari kwa springi mpya, tairodi hukaa katika pembe nyingine, na uelekeo wa magurudumu hubadilika hata kama hakuna aliyeigusa. Gari huvuta upande ambao kasta yake ni ndogo, na huvuta upande ambao gurudumu limeinama zaidi kwenda nje. Ama uelekeo ukikosewa kwa robo ya digrii tu katika gurudumu moja, tairi hilo katika kila kilomita hukokotwa kiubavu zaidi ya mita 4, na mpira wake hulika kama uliopigwa tupa. Kwa hiyo saspensheni iliyotengenezwa haiwezi kuhesabiwa kuwa imekwisha kazi mpaka imepimwa upya, kazi ambayo mafundi huiita alaimenti, nami sioni namna ya kuikwepa kauli hii.

Jambo moja lastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndilo linaloharibiwa mara nyingi kuliko yote na kuliepuka hakugharimu chochote ila muda. Bushi ya mkono ni mpira uliogandishwa baina ya bomba mbili za chuma, ya ndani na ya nje. Mpira huo hauzunguki; hujisokota, kisha hujisokotoa. Sasa fundi mwenye haraka huikaza bolti yake gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, na bomba ya ndani hubanwa katika hali ile ya kuning'inia. Gari likishushwa, mikono hupanda, na mpira husokoteka siku zote, usiku na mchana, hata gari likiwa limelala uani. Matokeo yake ni pua ya gari kukaa juu kuliko stahiki yake, mikono kuwa mizito, na bushi mpya kupasuka katika miezi michache huku muuza spea akilaaniwa kwa kuuza bidhaa hafifu. Njia sahihi ni kuzivalisha bolti bila kuzikaza, kulishusha gari likae kwa uzito wake wote juu ya magurudumu, kulitikisa mara kadhaa kwa kulikandamiza bampa ili springi zitulie, ndipo fundi aingie shimoni akaze kila bolti kwa kiasi kilichoagizwa na mtengenezaji. Katika pikapu zile za zamani ambazo mbele zina fimbo za tosheni badala ya springi za duara, laongezeka sharti jingine: fimbo itiwe alama kabla ya kufunguliwa, maana ikirudishwa meno yake yakiwa yameruka, upande mmoja wa gari utakaa juu kuliko wa pili.

Kipuri kipya nacho chaweza kuwa mkosaji. Boljointi iliyokaza mno husababisha ugonjwa ambao huwachanganya wengi, wa gari kuendelea kuvuta upande ule lilikokatwa mwisho: ukikata kulia, baada ya kona lataka kulia, ukikata kushoto, lataka kushoto. Gari lenye tabia hiyo si la kupelekwa kwenye alaimenti. Ni la kuchomolewa tairodi na kuzungushwa kikombe cha gurudumu kwa mkono, ili ijulikane ni kiungo gani kigumu.

Tena wapo wanaosahau kwamba pikapu ina nyuma. Mwenye pikapu mmoja achukuaye machungwa kutoka Muheza kwenda Tanga mjini alibadilisha springi za nyuma, na tangu siku ile gari likawa linakwenda ubavu, usukani umekaa mshazari. Fundi wa kwanza alimwuzia tairodi mbili. Wa pili akamfungia boksi la stelingi la mtumba. Wa tatu alilitazama gari likienda mbele yake hatua chache, akachukua futi ya kamba, akapima toka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma, kulia kisha kushoto, akakuta pande mbili zimepishana karibu sentimita 2. "Mzee," alimwambia, "mbele hakuna ugonjwa." Kichwa cha sentaboliti, yaani bolti inayoyashika pamoja majani ya springi, ambacho yapasa kizame katika tundu lake juu ya ekseli, kilikuwa kimekaa pembeni ya tundu, na yuboliti zimekazwa hivyo hivyo juu yake, ekseli imerudi nyuma upande mmoja, nayo ikawa inalisukuma gari kiupogo, na dereva analazimika kuushika usukani upande ili liende mbele. Zile tairodi na lile boksi havikuwa na kosa tangu awali. Ujira wa yule fundi wa tatu ulikuwa wa kufungua yuboliti nne na kuzifunga, na mwenye gari, jambo la kusikitisha, aliona hata huo ni mwingi kwa sababu hakukununuliwa kitu.

Hata majani ya springi yanayoongezwa kwa ajili ya mizigo yana gharama yake katika usukani. Pikapu nyingi zina mita 3 na kidogo baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiinua nyuma kiasi cha sentimita 5, chasisi nzima huinama mbele takriban digrii 1, na digrii hiyo yote hutolewa katika kasta. Kwa gari lenye kasta ya digrii mbili au tatu, hilo ni pungufu kubwa. Dereva atalalamika kwamba gari tupu linayumba na usukani haujirudi, na mafundi watamtafutia ubovu katika pampu ya pawa stelingi.

Sisemi kwamba vipuri havina makosa. Mwaka 2004 kampuni ya Toyota iliyarejesha huko Japani magari ya Hilux na Hilux Surf zaidi ya 300,000 kwa sababu ya fimbo ya kati inayounganisha usukani na magurudumu, ambayo iliweza kupata ufa na kukatika. Mwaka uliofuata yakafuata magari mengine karibu milioni moja nchini Marekani. Nasi tumeagiza magari ya mtumba kutoka Japani kwa miaka mingi. Chuma huchoka, na kiungo cha usukani kilichochoka huua. Hii ndiyo hoja kubwa zaidi ya kupima, kwa kuwa fundi aliyezoea kubahatisha ataibadili tairodi nzima na kuiacha fimbo yenye ufa mahali pake.

Uchunguzi wenyewe una utaratibu, nao si siri. Huanza na matairi: upepo uwe sawa, kisha yale mawili ya mbele yabadilishane pande, na kama mvuto umehama pamoja nayo, ugonjwa ni wa tairi wala saspensheni haina hatia. Rimu ziguswe baada ya mwendo mfupi. Ile iliyo moto kuliko mwenziwe ina breki inayoshika. Mtu mmoja akae ndani auchezeshe usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, magurudumu yakiwa chini, na mwingine atazame kila kiungo, maana kilicholegea hujionyesha chenyewe. Gurudumu liinuliwe, litikiswe juu na chini kwa ajili ya boljointi na beringi, kisha kiubavu kwa ajili ya tairodi. Kimo cha gari kipimwe pande zote mahali palipo sawa, na kila nati ya boljointi ionekane ina pini yake. Jaribio la barabarani lifanywe mahali tambarare, kwa sababu Tanzania, Kenya na Uganda hupita kushoto, na barabara zetu huinamishwa kushoto ili maji yatoke, hata gari zima litaelekea huko kidogo. Rwanda, Burundi na Kongo mambo ni kinyume chake. Mashine ya alaimenti huja mwisho wa yote haya. Kuipeleka huko pikapu yenye viungo vilivyolegea ni kupima kitu ambacho kesho hakitakuwapo.

Nitajibiwa kwamba mashine hizo ziko mijini, na fundi wa Handeni au wa Lamu atazipata wapi. Jibu langu ni kwamba uzi uliovutwa kandokando ya magurudumu na futi ya chuma huonyesha uelekeo kwa usahihi wa kutosha kulipeleka gari hadi mjini salama, na timazi ya mwashi hufichua kemba iliyopotoka. Vijana wanaotoka katika vyuo vya ufundi stadi vya VETA hufundishwa mambo haya. Wanapoingia gereji za mitaani huyaacha, kwa kuwa hukuta hakuna anayeyalipia.

Hapa ndipo lilipo shina la neno langu. Mwenye gari akiambiwa kwamba kuchunguza ni saa mbili na ujira wake ni kadhaa, husema, "Si umeangalia tu?" Akiambiwa anunue boljointi Kariakoo au Barabara ya Kirinyaga huko Nairobi, hutoa fedha bila ya swali, kwa sababu amerudi na kitu mkononi. Fundi ni mtu mwenye watoto. Akijua kwamba macho yake na futi yake havina thamani sokoni, na kwamba riziki yake imo katika kipuri, atauza kipuri, na hakimu mwenye insafu hatamhukumu peke yake. Nao mafundi wenye uaminifu, ambao ni wengi kuliko tunavyokiri, wanashindwa na wenzao wanaotaja jina la kipuri dakika ya kwanza, kwa sababu anayebahatisha kwa sauti kubwa huonekana bingwa na anayeomba muda wa kupima huonekana hajui.

Nawaomba wenye pikapu, hasa wale wanaopakia watu na mizigo ya watu, wageuze mpango huu wenyewe bila ya kungoja sheria. Gari likitoka katika matengenezo ya saspensheni, fundi aandike katika karatasi kimo cha kila upande, umbali wa ekseli kulia na kushoto, na vipimo vya alaimenti kabla na baada. Akishaandika, alipwe kwa kuandika, kiasi kilichopatanwa tangu mwanzo, hata kama hakuuza nati moja. Na usukani ukiwa bado una ila, pasinunuliwe kipuri chochote mpaka fundi ameweka mkono juu ya kiungo kibovu na mwenye gari amekiona kikicheza.