Ushindi wa Novemba Usikulevye

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Ni methali nzuri, lakini shabiki wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani akiishika kama ilivyo, ataumia roho kila mwaka. Msimu huanza mwanzoni mwa Novemba na kwisha mwanzoni mwa Aprili. Katikati kuna michezo zaidi ya 30, na ile ya wiki za kwanza hudanganya kuliko mingine yote. Hata hivyo, ndani yake mna dalili za kweli kwa anayejua pa kutazama.

Familia zetu nyingi huingia katika mchezo huu kwa sababu moja tu: mtoto ameanza chuo, na chuo kina timu. Ghafla baba aliyezoea Simba na Yanga anauliza maana ya faulo ya kiufundi. Basi leo tujifunze kuipima timu mapema bila kuionea wala kuipamba.

Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha Connecticut, maarufu kama UConn. Kiliingia msimu wa 2024–25 kikiwa bingwa mara mbili mfululizo, 2023 na 2024. Katika mashindano ya NCAA ya miaka hiyo miwili kilishinda michezo yote 12, na hakuna mpinzani aliyefungwa kwa tofauti iliyo chini ya pointi 13. Msimu mpya ulianza kwa ushindi mara nne nyumbani, kila mara kwa zaidi ya pointi 30. UConn ilikuwa namba 2 kwenye orodha ya timu bora nchini.

Kisha wakaenda Maui, kisiwa kimojawapo cha Hawaii. Kuanzia tarehe 25 hadi 27 Novemba walicheza mara tatu na kufungwa mara tatu: Memphis 99–97 baada ya muda wa nyongeza, Colorado 73–72, Dayton 85–67. Orodha iliyofuata iliwashusha hadi namba 25, na mashabiki wakaanza kuimba tanzia. Desemba ikaingia. Wakaifunga Baylor 76–72, wakaifuata Texas kwao na kuifunga 76–65, kisha wakaifunga Gonzaga 77–71 jijini New York. Sasa ikasemwa kwamba Maui ilikuwa bahati mbaya tu.

Nani alikuwa sahihi? Tujiulize maswali manne.

La kwanza: walicheza na nani, na wapi? Vyuo vikubwa huvilipa vyuo vidogo vije kucheza kwao mwanzoni mwa msimu. Mdogo anaondoka na fedha za kuendeshea timu, mkubwa anabaki na ushindi. Kumfunga mgeni wa namba hiyo kwa pointi 35 hakukuambii lolote kuhusu Machi. Ushindi wa ugenini dhidi ya Texas unakuambia zaidi kuliko ile minne ya kwanza ikijumlishwa.

La pili: tofauti ilikuwa ya pointi ngapi? Michezo miwili ya kwanza ya Maui ilipotea kwa jumla ya pointi tatu. Ule wa Memphis ulikuwa 92–92 katika dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza, UConn walipopigiwa faulo. Kocha Dan Hurley alipinga kwa hasira mpaka naye akapewa faulo ya kiufundi. Memphis wakapata mitupo huru minne, wakaitia yote. Mchezo ulioamuliwa namna hiyo ungeweza kwenda upande wowote. Lakini kufungwa na Dayton kwa pointi 18 ni habari nyingine.

La tatu: nani hayupo? Kati ya wachezaji watano walioanza katika kikosi cha ubingwa wa 2024, wanne walikuwa wameondoka na kuchaguliwa na timu za NBA: Tristen Newton, Cam Spencer, Stephon Castle na Donovan Clingan. Alibaki Alex Karaban. Clingan, mwenye urefu wa karibu mita 2.18, ndiye aliyekuwa akilinda kikapu. Jina kwenye jezi lilikuwa lile lile, timu ilikuwa nyingine.

La nne, na ndilo kubwa: kosa gani linajirudia? Katika siku tatu za Maui, UConn walifungwa pointi 257. Mitupo ya mbali huingia leo na kesho ikagoma, lakini ulinzi unaovuja siku tatu mfululizo una sababu. Sisi wauguzi hatumwandiki mtu kuwa mgonjwa wa presha kwa kipimo kimoja cha juu. Tunapima tena, na kipimo kikirudi vile vile tunaanza kutafuta chanzo.

Mwisho wa msimu UConn walikuwa wameshinda mara 24 na kufungwa mara 11. Katika NCAA waliitoa Oklahoma 67–59, kisha wakatolewa raundi ya pili na Florida, 77–75. Florida hao hao ndio waliotwaa ubingwa. Kwa hiyo waliotangaza msiba walikosea, na waliosema hakuna tatizo walikosea pia. Ilikuwa timu nzuri yenye ulinzi ulioshuka, na dalili zilikuwa wazi tangu Novemba.

Chuo hicho kinatugusa Watanzania pia. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye mita 2.21, aliingia UConn mwaka 2006. Timu yake ilishinda michezo 11 ya kwanza, ikaonekana moto wa kuotea mbali. Ilimaliza msimu ikiwa imeshinda 17 na kufungwa 14, na haikualikwa NCAA. Asubuhi ile ilidanganya. Lakini Hasheem na wenzake walibaki, na kufikia msimu wa 2008–09 walishinda mara 31 na kuingia nne bora ya taifa. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo.

Wachezaji wa mwaka wa kwanza tunaowatukana mitandaoni kila Novemba wana miaka 18 au 19, umri wa watoto wetu. Na katikati ya Desemba, orodha za mpira zinapotoka, matokeo ya muhula wa kwanza ya watoto hao nayo yanatoka. Mzazi, kabla hujapiga simu ya ukali, uliza maswali yale yale manne. Alisoma masomo gani, na mazingira yalikuwaje? Alikosa kwa alama ngapi? Ni msaada gani wa nyumbani ambao sasa hana? Kosa gani limejirudia? Swali la mwisho mjibu pamoja naye, na mlifanyie kazi mapema. Muhula wa pili huanza Januari, na likizo ni fupi.