MRUTUTU HAUOZI: kwa wakulima wa kahawa Ikinga na Ileje yote

1/ Mtauliza nesi anatafuta nini kwenye mibuni. Natafuta udongo. Watoto mnaotuletea tuwapime uzito wanakula kutoka hapo hapo.

2/ Kuna lugha ya madukani: "Dawa ya shaba haina shida, hata Ulaya wanatumia." Kweli wanatumia. Wafaransa walianza kupulizia zabibu mrututu na chokaa miaka ya 1880. Ila leo Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: kilo 28 za shaba kwa hekta moja ndani ya miaka 7. Mbona hicho kipande hamkisimulii?

3/ Shaba ni metali. Dawa ya maumivu uliyomeza juzi, mwili umeshaivunja na kuitoa. Shaba aliyopulizia babu yako, nyingi bado ipo shambani. Inashikwa na mboji na mfinyanzi kwenye udongo wa juu, pale pale penye mizizi midogo na nyungunyungu. Kila msimu unaongeza juu yake. Ikizidi, nyungunyungu wanakimbia na mizizi inadumaa. Siku ukitaka kupanda maharage hapo, utashangaa.

4/ Halafu mbolea. SA na urea mwaka hadi mwaka zinaongeza tindikali, na udongo wenye tindikali unaiachia shaba. Kwenye miteremko, mvua ikibeba udongo wa juu imebeba na shaba, mpaka bondeni, mpaka mtoni. Samaki hawaivumilii.

5/ Msinilishe maneno: sijasema kahawa yetu ina sumu. Mwili wenyewe unahitaji shaba, kidogo sana. Lakini mrututu ukinywewa unaunguza tumbo, unavunja chembe nyekundu za damu, unaharibu ini na figo. Kwa hiyo anayeuweka kwenye chupa ya soda nyumbani kwenye watoto, ajue anachokifanya.

6/ "Sasa tuache chule buni imalize kahawa?" Hapana. TaCRI wana kituo Mbimba, Mbozi, na wametoa aina za kahawa zinazohimili chule buni na kutu ya majani. Utasema kung'oa mibuni ni kukaa miaka bila hela. Nani kasema ung'oe yote? Badilisha mstari kwa mstari. Iliyobaki ipogolee, hewa ipite, upulizie ugonjwa unapotaka, sio kwa mazoea.

7/ Na halmashauri: ushuru wa kahawa mnachukua kila msimu. Rudisheni sehemu yake kupima udongo, tindikali na shaba, kata kwa kata, na chokaa ya kilimo ifike Ikinga kabla ya mvua. Mgonjwa hapewi dozi ya miaka 30 bila kupimwa damu. Shamba je?

8/ Diwani wako yumo humu? Mtag. Muulize udongo wa Ikinga ulipimwa lini.