Mstari wa 115

Mjomba alinishika mkono kwenye matanga ya nyanya, mbele ya watu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye masufuria: "Daktari, nasikia na wewe unatafuta njia ya majuu. Tumekusomesha na kodi yetu, halafu Mmarekani ndiye atibiwe?" Watu wakacheka. Nikacheka pia, maana matanga si pahali pa kubishana na mjomba. Jibu nililomeza siku ile ndilo hili.

Ni kweli natafuta. Nikiwa zamu ya usiku katika hospitali ya kaunti, na wodi ikinionea huruma ikatulia, nafungua jedwali langu. Lina mistari 114. Kila mstari ni programu moja ya Marekani inayofunza madaktari ubingwa wa magonjwa ya ndani, na kila safu ni swali. Wanadhamini viza? J-1 peke yake, ama na H-1B? Wanakubali aliyehitimu miaka mingapi iliyopita? Wanadai miezi mingapi ya kukaa katika hospitali za kwao kabla hujaomba? Mshahara wa mwaka wa kwanza ni ngapi? Wanaomaliza hapo hufaulu mtihani wa bodi kwa kiasi gani? Na ile safu ninayoijaza kwa mkono: wangapi kati ya walioko sasa walisomea nje ya Marekani? Hii naipata kwenye picha. Programu nyingi huweka sura za madaktari wao, majina na vyuo walikotoka. Naenda sura kwa sura: Lagos, Karachi, Kathmandu, Cairo. Nikikuta Nairobi au Eldoret nasimama kidogo, kama mtu aliyeona gari la kwao kwenye stendi ya ugenini.

Ulinganishaji huu si mchezo. Mwezi wa tatu, Ijumaa ya tatu, mfumo wa kompyuta unatangaza nani ameenda wapi. Kabla ya hapo unapanga programu zilizokuhoji kwa mapenzi yako, nazo zinakupanga. Ukishapangiwa umefungwa, huwezi kusema ngoja nifikirie. Kwa hivyo unafikiria mapema, usiku, huku ukisikiliza kama Sista anaita.

Mjomba asidhani naisifu Marekani. Milango yao ina unafiki wake. Programu inaandika kwamba inakaribisha waombaji kutoka pembe zote za dunia, kisha unatazama zile sura na wote wamesomea jimbo moja. Tangu Januari 2022 mtihani wa kwanza wa USMLE hautoi alama, ni kufaulu au kufeli tu. Wengine walifurahi, lakini kwetu sisi tuliosomea vyuo ambavyo msomaji wa fomu kule hajawahi kuvisikia, ile alama ilikuwa sauti yetu. Sasa mzigo wote umehamia mtihani wa pili. Halafu kuna pesa. Katika msimu wa 2025, maombi 30 ya kwanza yalikuwa dola 11 kila moja, na yaliyozidi hapo dola 30 kila moja. Ukituma kote 114 ni dola 2,850, zaidi ya laki tatu na nusu za Kenya, hata kabla hujahojiwa. Na kuna madalali wanaokuuzia wiki nne za kusimama nyuma ya daktari bila kumgusa mgonjwa, eti upate barua ya pongezi. Baada ya hayo yote, mwaka 2024 wageni waliosomea nje na wakapata nafasi hawakufika asilimia 60, ilhali kwa Wamarekani wanaomaliza vyuo vyao vya shahada ya MD ilizidi 90. Naingia kwenye kamari hiyo nikiona karata zote.

Na kuona karata ndiyo maana ya maandishi haya.

Usiku mmoja wa Februari niliongeza mstari wa 115: shahada ya uzamili ya udaktari hapa hapa Kenya, ubingwa ule ule. Niliuongeza kwa moyo safi. Mama yangu yuko hapa, wagonjwa wangu wako hapa, na malaria siitafuti Ohio. Safu ya karo nikaijaza upesi, maana karo haikosi kutangazwa. Nyingine zikakataa. Daktari anayesomea ubingwa hulipwa ngapi, na nani? Hufanya kazi saa ngapi kwa wiki? Wangapi walianza miaka mitano iliyopita, wangapi wamemaliza, na walimaliza kwa miaka mingapi? Kila bingwa anasimamia wanafunzi wangapi? Nikaandika barua pepe. Kimya. Nikapanda matatu nikaenda mwenyewe, siku yangu ya mapumziko, nikiwa na maswali tisa kwenye karatasi. Mama wa ofisini, mtu mpole kabisa, aliyasoma yote, akavua miwani.

"Daktari, kwani unataka kusoma ama unataka kutuchunguza?"

Nikampigia rafiki yangu aliye ndani. Kozi ni ya miaka minne; yeye yuko wa tano. Anajilipia karo, na usiku wodi inasimama juu ya mabega yake bila mshahara wowote. Nilipomuuliza kuhusu saa za kazi alicheka mpaka akakohoa. "Wee jaza fomu bana. Mengine utayajua ukiingia."

Marekani kikomo ni saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne, na siku moja ya mapumziko katika kila saba, tangu 2003. Wanavunja? Bila shaka wako wanaovunja. Lakini kuna kitu cha kuvunja, na kuna mahali pa kushtaki.

Najua jibu litakalokuja: sisi ni nchi maskini, usitulinganishe na matajiri. Nakubali nusu yake. Mishahara hatuwezi kufananisha, wala mashine. Lakini kuandika kwamba mwaka fulani walianza 20 wakamaliza 11 kunahitaji bajeti gani? Kunahitaji wino. Hiyo si shida ya umaskini, ni tabia. Tumezoea kwamba mwanafunzi ndiye anayechunguzwa, naye akimwuliza mkubwa swali anaonekana hana adabu. Na si kwamba hatuwezi jambo jipya: chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999, kinafunza watu wakiwa kazini katika hospitali za nchi mbalimbali na kuwatahini kwa mtihani mmoja.

Turudi kwa kodi ya mjomba. Deni hilo silikani. Ila tukumbuke mwaka 2024, madaktari walipogoma siku 56, na moja ya kesi ilikuwa ni wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema itatoa 70,000. Wakati huo huo walikuwepo madaktari waliohitimu, wamekaa nyumbani bila kazi, nchi ambayo wagonjwa wanalala wawili kitandani.

Sasa sikiliza kichekesho. Ili nipate viza ya J-1, Wamarekani wanataka barua kutoka Wizara ya Afya ya kwetu, ikithibitisha kwamba nchi yangu inauhitaji ubingwa huo na kwamba nimeahidi kurudi. Nikimaliza natakiwa nikae nyumbani miaka miwili. Itakuwa barua ya kwanza ya serikali yangu kuniambia kwamba nahitajika, na ili niipate lazima niwe naondoka. Na ile miaka miwili inaweza kusamehewa: kila jimbo la Marekani lina nafasi 30 kwa mwaka za kumwachilia daktari kama mimi, mradi afanye kazi miaka mitatu palipo na uhaba wa madaktari. Yaani wenzetu wameorodhesha mahali pasipo na daktari, wakatengeneza na sheria ya kumfikisha. Sisi daktari tunaye, amekaa sebuleni kwa mamake.

Kwa hivyo mjomba, ukinishika mkono tena, usinishike peke yangu. Washike na wakuu wa idara zinazofunza mabingwa. Hawa nao wanakula kodi yako.

Na ninyi wakuu, sijawaomba mshahara wa Ohio. Nimewaomba majibu tisa, hata kama ni mabaya. Karo nitaitafuta, na usiku nimezoea. Mwisho wa Septemba programu za Marekani zinaanza kusoma maombi, na nikishalipa dola zile sitakuwa na pesa ya mlango wa pili. Mstari wa 115 bado uko wazi. Barua pepe yangu mnayo. Nimewaandikia mara mbili.