Goti Bandia na Roboti: Ni Nani Afanyaye Mazoezi?

Goti ni kiungo ambacho mtu hukikumbuka siku kinapomuuma. Kabla ya hapo hukikunja na kukikunjua maelfu ya mara kila siku, akipanda ngazi, akiinuka kitini, akichuchumaa au akisujudu, bila kukiwaza hata kidogo. Lakini gegedu, yaani lile tabaka laini lenye utelezi lifunikalo ncha za mifupa, likiisha kulika kwa uzee, kwa jeraha au kwa ugonjwa wa baridi yabisi, mfupa husagana na mfupa na kila hatua huwa adhabu.

Tiba ya mwisho ya goti la namna hiyo ni kubadilisha nyuso zake. Daktari hukata ncha zilizoharibika za mfupa wa paja na za mfupa wa muundi, huzivika vifuniko vya metali, na katikati huweka kipande cha plastiki ngumu kinachoshika nafasi ya gegedu. Wazo hilo si geni. Mnamo mwaka 1890 daktari Themistocles Gluck wa Berlin, Ujerumani, alijaribu kupandikiza goti lililochongwa kwa pembe ya ndovu; maambukizo ya vijidudu yakaliangusha jaribio lake. Goti bandia la kisasa lilipata umbo lake kati ya mwaka 1968 na 1974, kwa kazi iliyofanywa katika hospitali za Uingereza na Marekani. Leo upasuaji huo hufanywa katika nchi nyingi, na nchini Tanzania hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Ufundi wa upasuaji umekwisha kusifiwa vya kutosha. Jambo ambalo halijajadiliwa vya kutosha ni lile linalofuata baada ya kidonda kushonwa, yaani utengamao: kazi ya kumrudisha mgonjwa katika hali ya kuweza kujifanyia shughuli zake. Katika kazi hiyo sasa roboti zimebisha hodi, na yafaa ziulizwe habari zao kabla ya kufunguliwa mlango.

KAZI INAYOANZA BAADA YA KISU

Wengi hudhani kwamba goti jipya likiisha kuwekwa, mambo yamekwisha. La hasha. Vifuniko vya metali havina nguvu yavyo vyenyewe. Nguvu hutoka katika misuli, hasa ile mikubwa ya mbele ya paja inayonyosha mguu. Katika mwezi wa kwanza baada ya upasuaji, nguvu ya misuli hiyo hupungua kwa nusu au zaidi. Sababu kubwa si kwamba misuli imekonda. Goti lililovimba hupeleka ishara katika uti wa mgongo, na neva zinazoiamrisha misuli huzuiwa zisifanye kazi kikamilifu, kana kwamba mwili umefunga breki ili kukilinda kiungo kilichojeruhiwa. Mgonjwa huuamuru mguu unyooke, na mguu haumtii.

Pamoja na udhaifu huo yupo adui wa pili, nalo ni kovu. Tishu za kovu hujijenga ndani ya kiungo, na zikikomaa pasipo goti kukunjwa, hukaza kama ngozi iliyoanikwa juani. Hapo ndipo hesabu ya nyuzi inapokuwa na maana. Kutembea mahali tambarare huhitaji goti likunjike kiasi cha nyuzi 65. Kupanda ngazi huhitaji kiasi cha nyuzi 85, na kuinuka kitini kiasi cha nyuzi 95. Kuchuchumaa huhitaji nyuzi 130 au zaidi.

Mtu akaaye kitini mchana kutwa anaweza kuridhika na goti la nyuzi 100. Mtu aketiye mkekani, atumiaye choo cha kuchuchumaa, apiganaye na magugu shambani au asujuduye mara kadhaa kwa siku hawezi kuridhika nalo. Tena magoti bandia mengi hayavuki nyuzi 120 hata baada ya mazoezi mazuri. Hivyo basi, kila nyuzi inayopotea kwa uzembe katika wiki za mwanzo ni hasara kubwa zaidi kwa mwenyeji wa Kilosa au Lamu kuliko kwa mwenyeji wa London.

FUNDISHO LA MASHINE YA TORONTO

Kuanzia mwaka 1970 daktari Robert Salter wa Toronto, Kanada, aliipinga desturi ya kale ya kukifunga kiungo kilichojeruhiwa ili kisitikisike. Alifanya majaribio kwa sungura, akaonyesha kwamba gegedu iliyotobolewa ilipona vizuri zaidi katika viungo vilivyochezeshwa polepole pasipo kukoma kuliko katika viungo vilivyofungwa plasta. Kutokana na wazo hilo ikaundwa mashine ya kitandani yenye mota. Mgonjwa hulaza mguu wake juu ya mashine, nayo huukunja na kuukunjua kwa saa nyingi, huku mwenyewe akisoma gazeti au akisinzia. Mashine hiyo yaweza kuitwa babu wa roboti za utengamao.

Hospitali nyingi za nchi tajiri zikainunua kwa ajili ya wagonjwa wa goti bandia. Hoja ilionekana kuwa wazi: goti lisilokunjwa hukaza, basi lisilale hata kidogo. Lakini hapo palikuwa na mruko ambao mwanafunzi mwangalifu hana budi kuuona. Sungura wa Salter walikuwa na gegedu ya kuponywa. Goti bandia halina gegedu. Metali na plastiki hazioti wala haziponi. Ushahidi uliopatikana kwa jambo moja ulivushwa hadi jambo jingine, na kabla ya kuvushwa ulihitaji kupimwa upya.

Hatimaye ulipimwa. Mwaka 2014 wachunguzi wa shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kuchambua majaribio ya tiba, waliyaweka pamoja majaribio 24 yenye wagonjwa 1,445. Waliotumia mashine walilinganishwa na wasioitumia. Tofauti ya kukunja goti ilikuwa, kwa wastani, kama nyuzi 2 tu, kiasi ambacho mgonjwa mwenyewe hawezi kukitambua. Maumivu na uwezo wa kufanya shughuli havikuonyesha tofauti ya maana. Ilikuwapo dalili, ingawa ushahidi wake ni hafifu, kwamba mashine hupunguza idadi ya wagonjwa wanaohitaji kukunjwa goti kwa nguvu chini ya dawa ya usingizi. Faida hiyo isidharauliwe. Lakini sicho walichoahidiwa wanunuzi.

Kwa nini mashine isiyochoka ishindwe kumpita binadamu anayechoka? Jibu limo katika yale yaliyokwisha elezwa. Tatizo kubwa la mgonjwa ni misuli iliyofungiwa breki, na breki hiyo haifunguliwi na mota. Mashine inapoukunja mguu, misuli ya paja inaweza kulala usingizi kama mwenye mguu alivyolala.

ROBOTI ZA AINA MBILI

Roboti za leo zina vihisi na kompyuta ambavyo mashine ya Toronto haikuwa navyo. Hata hivyo, kwa swali linalojadiliwa hapa, zote zaweza kugawanywa katika mafungu mawili: zile zinazomfanyia mgonjwa kazi, na zile zinazomfanyisha kazi.

Mfano wa fungu la pili ni vazi la roboti liitwalo HAL, lililobuniwa na Profesa Yoshiyuki Sankai wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani. Mtu anapokusudia kunyosha mguu, ubongo hupeleka amri kwa neva, na ishara dhaifu za umeme huonekana juu ya ngozi ya paja. Vihisi vya HAL huzinasa ishara hizo, na mota huongeza nguvu pale nguvu ya mgonjwa inapopungukiwa. Mgonjwa asipojaribu, hakuna ishara ya kukuzwa. Huko Japani chombo hiki kimejaribiwa kwa wagonjwa waliobadilishwa goti, na matokeo yanatia moyo. Lakini waliojaribiwa ni wachache, na wachache hawatoshi kuwa hoja ya kununulia mitambo ya hospitali za taifa zima.

Onyo jingine latoka katika ugonjwa tofauti. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 63 wa kiharusi waliofundishwa kutembea. Baadhi yao walichukuliwa miguu na roboti, wengine walishikwa na wataalamu kwa mikono. Waliofundishwa kwa mikono ndio waliopata maendeleo makubwa zaidi ya mwendo na umbali. Kiharusi si goti bandia, na kosa la sungura lisirudiwe hapa. Lakini matokeo hayo yanakumbusha kwamba ugumu wa mtambo si kipimo cha manufaa yake.

FEDHA IENDE WAPI?

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye wataalamu wachache wa fiziotherapia ndiyo hasa inayohitaji roboti, maana roboti haichoki, haihami, na hupima kila nyuzi bila kukosea. Hoja hii ina uzito na haifai kubezwa. Lakini roboti haifanyi kazi peke yake. Huhitaji umeme usiokatika, vipuri, fundi wa kuitengeneza, na mtaalamu yuleyule wa fiziotherapia wa kumpima mgonjwa, kumfunga vyombo, na kujua lini maumivu ni ya kawaida na lini ni dalili ya hatari. Pasipo mtaalamu, roboti ni samani ya bei kubwa.

Kwa hiyo mpango wenye busara ni kuanza na watu. Huko Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kuna mafunzo ya fiziotherapia, na tangu mwaka 1981 kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha ufundi wa viungo bandia na vyombo vya kusaidia viungo. Shilingi inayomwezesha mtaalamu mmoja zaidi kufika katika hospitali ya mkoa itawanyosha magoti wengi kuliko shilingi inayonunua mtambo mmoja wa mji mkuu. Roboti zije baadaye, na zikija ziulizwe maswali matatu. Je, inamfanyisha mgonjwa kazi, au inamfanyia? Je, imelinganishwa na mazoezi ya kawaida, au imelinganishwa na kukaa bure? Je, ikiharibika, ni nani ataitengeneza?

Maswali haya si ya wizara peke yake. Mwalimu wa sayansi anaweza kuyaingiza darasani kwa rula mbili, kipimapembe na msumari mdogo. Wanafunzi waunganishe rula hizo kama bawaba, kipimapembe kikiwa katikati, kisha wapimane nyuzi za goti: wakiwa wamesimama, wamekaa kitini na wamechuchumaa. Kila goti lipimwe na wanafunzi wawili, kila mmoja kwa wakati wake bila kujua kipimo cha mwenziwe. Aghalabu vipimo vyao vitatofautiana kwa nyuzi kadhaa. Hapo watatambua kwamba zile nyuzi 2 za mashine zaweza kumezwa na kosa la kipimo cha mtu mmoja, na wataelewa kwa nini wachunguzi walihitaji wagonjwa zaidi ya elfu moja ili kuziona.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Msuli utegemeao mota ya jirani haupati nguvu. Roboti njema ni ile inayomshika mgonjwa mkono siku ya kwanza, ikaulegeza kidogo kila siku, hata siku moja akavuka uwanja wa hospitali pasipo kuikumbuka.