Programu Nzito Haitibiwi kwa Kompyuta Mpya

Mwaka 2020, Charles Leiserson wa chuo cha MIT, Marekani, na wenzake walichapisha katika jarida la Science jaribio linalostahili kujulikana na kila mwandishi wa programu. Walizidisha matriksi mbili, kila moja ikiwa na safu 4,096 na safuwima 4,096, kwenye kompyuta ileile. Kwa lugha ya Python kazi ilichukua takriban saa 7. Kwa Java, dakika 40 hivi. Kwa C, dakika 9.

Tofauti hiyo ina chanzo chake. Python ya kawaida hufasiriwa huku programu ikiendelea, na kila namba inapoguswa hukaguliwa upya ni ya aina gani. Programu ya C hupita kwanza kwenye kompaila, inayoigeuza kuwa amri za prosesa kabla haijaanza kazi. Kompaila nzuri hufanya zaidi ya kutafsiri. Ikikuta ndani ya mzunguko hesabu yenye jibu lisilobadilika, huitoa nje ifanywe mara moja tu badala ya mara milioni.

John Backus na kikundi chake cha IBM walipotoa kompaila ya lugha ya Fortran mwaka 1957, walikuwa wamefanya kazi hiyo huku wengi wakiwa na shaka kama mashine ingeweza kutunga amri zenye kasi kama za mtaalamu. Frances Allen, aliyeajiriwa IBM mwaka huohuo, akaja kuweka misingi ya uboreshaji wa amri unaofanywa na kompaila. Mwaka 2006 alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Turing.

Lakini anayehitimisha kwamba dawa ni kuihama Python anakosea.

Watafiti wale hawakuishia kwenye C. Waligawa kazi kwa viini 18 vya prosesa, wakaipanga ili data inayohitajika iwe karibu, wakatumia amri zinazokokotoa namba kadhaa kwa mpigo. Kazi ikaisha chini ya nusu sekunde. Kubadili lugha kulileta kasi mara 47; kuielewa mashine kukaongeza zaidi ya mara 1,300 juu yake. Hata anayetumia Python hana haja ya kuhama: maktaba ya NumPy humfanyia hesabu nzito kwa msimbo uliokwisha kupita kwenye kompaila.

Vyuo vifundishe jinsi kompaila na prosesa zinavyofanya kazi, si sarufi ya lugha pekee. Na kabla ofisi haijaagiza kompyuta mpya, ipime kwanza ni sehemu gani ya programu inayokula muda.