Mgeni wa Noeli Si Mtaji

Kila mwaka, mvua za kwanza zinapolainisha udongo wa bonde la Kilombero na watu kuanza kunoa majembe, swali lile lile huzunguka katika jumuiya zetu za Ifakara: nani atamchukua mgeni Noeli hii? Mgeni anayesemwa ni kijana kutoka Ulaya aliyekuja kusoma au kufanya mafunzo ya vitendo. Mji wetu umewazoea. Tangu wataalamu wa Basel walipofungua hapa maabara ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto, katika miaka ya 1950, vijana wa namna hiyo hawajakoma kuja. Kwao Desemba ni majira ya baridi, na watu wote hurudi nyumbani kukaa pamoja. Huku kwetu masomo husimama, hosteli hubaki tupu, na kijana wa watu hubaki na upweke wake. Kumkaribisha ni tendo jema, wala hatuandiki kulipinga. Tunaandika kupinga jinsi tunavyolifanya, kwa sababu tumeligeuza kuwa kitu kingine huku tukiendelea kuliita ukarimu.

Sisi tunaoandika ni wanajumuiya wa mtaa mmoja hapa Ifakara: wakulima wa mpunga, akina mama wauza samaki, mwalimu mstaafu, na muuguzi mmoja aliyewahi kusoma Ulaya. Hatukai katika kiti cha hakimu. Yote tutakayoyalaumu tuliyafanya wenyewe.

Mwaka mmoja jumuiya yetu ilipewa mwanafunzi wa kike kutoka Uswisi. Familia tatu zilimgombania. Kikao ambacho kwa kawaida huhudhuriwa na watu saba kilijaa hadi nje ya ua. Familia iliyoshinda ilipaka nyumba chokaa, ikaazima makochi kwa jirani, kisha ikapata fedha za sikukuu kwa kuuza magunia matatu ya mpunga ambao ulikuwa haujapandwa bado. Mkulima yeyote wa Kilombero anajua maana yake. Anayekupa fedha Desemba kwa mpunga wa Juni hutoa bei anayoitaka yeye, nawe unapokea kwa sababu una shida. Kuku wakachinjwa, kreti za soda zikaletwa. Mgeni akakalishwa kwenye kochi, akala mezani na baba mwenye nyumba, watoto wakala jikoni na mama yao. Kila aliposimama akaoshe sahani yake, alinyang'anywa. Familia ilipokwenda shambani kulima, yeye aliachwa nyumbani na bibi, ingawa aliomba kwenda. Tulisema, "Huyu hawezi jua la huku."

Nyumba ile ilikuwa na vyandarua viwili. Kimoja walilalia wazazi na mtoto mchanga, kingine watoto watatu. Hiki cha watoto kilipelekwa chumba cha mgeni. Na hii ni Ifakara! Ni hapa, katika Kilombero na Ulanga, ambako mwishoni mwa miaka ya 1990 utafiti ulionyesha kwamba mtoto anayelala ndani ya chandarua chenye dawa ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi. Mataifa yalijifunza kutoka kwetu jambo ambalo sisi tulilisahau kwa sababu ya mgeni mmoja. Wiki ya pili mtoto wa miaka minne akapandwa na homa kali, akalazwa kwa malaria. Alipona, Mungu ashukuriwe. Mgeni alipoambiwa habari ya chandarua, alikwenda chumbani, akafungua begi lake, akatoa chandarua kipya kilichokuwa bado ndani ya mfuko wake. Alikuja nacho kutoka kwao. Akatuuliza, "Kwa nini hamkuniuliza?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumemhudumia kwa siku kumi bila kuzungumza naye.

Lakini huyo hakuwa mgeni pekee aliyekuwa mjini. Katika Misa ya mkesha, benchi la nyuma yetu alikaa kijana wa Kibondo, mkoa wa Kigoma, mwanafunzi wa chuo hapa hapa Ifakara. Safari ya kwao ni Morogoro, Dodoma, Tabora, kisha bado mbele. Nauli ya kwenda na kurudi ingemmalizia fedha zote za chakula cha muhula, kwa hiyo alibaki hosteli. Wakati wa kutakiana amani tuligeuka tukamshika mkono. Misa ilipokwisha tukatoka, kila mtu na njia yake. Sikukuu yote alikula maandazi na chai ya rangi. Tulikuja kulijua hilo Februari, alipomsimulia mwalimu wetu mstaafu kama kichekesho. Hakuna kikao kilichokaa kwa ajili yake, wala familia tatu za kumgombania.

Kwa nini? Tuseme ukweli ingawa unatuumbua. Kijana wa Kibondo hana cha kuturudishia. Mgeni wa Uswisi tulimwona kama mbegu: panda kuku leo, vuna ada ya mtoto kesho. Kabla hajaondoka, mmoja wetu alikuwa amekwisha kumkabidhi barua ya kuomba ufadhili wa mwanawe, na mwingine namba ya akaunti ya benki. Yule binti alidhani amepata familia, kumbe alikuwa ameingia sokoni, na bidhaa alikuwa yeye.

Sasa Bwana wetu amelisemea jambo hili waziwazi. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, anamwambia mwenyeji wake kwamba akifanya karamu asiwaite matajiri watakaomwalika nao, bali wale wasio na cha kulipa, na heri yake imo humo humo, katika kutolipwa. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anawakemea waamini wanaompa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumsimamisha maskini pembeni. Tumezisikia aya hizo mara ngapi? Tukitoka kanisani tunakwenda kuazima makochi.

Tunajua majibu yatakayotolewa, maana tuliyatoa wenyewe.

Jibu la kwanza: kumkirimu mgeni ni mila yetu. Ni kweli, lakini mila hiyo haikuishia kwenye kuku. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Nyerere aliutumia msemo huo mwaka 1962 alipoeleza maana ya ujamaa. Wengi huuchukua kama namna ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Sisi tunaamini una upendo ndani yake. Anayepewa jembe amekuwa mtu wa nyumba ile, anajua shamba liko wapi, na akikosea mstari atachekwa kama wengine. Asiyepewa kitu cha kufanya atabaki mtu wa nje hata akila nyama kila siku.

Muuguzi wetu alilijua hili akiwa mbali. Alipokuwa akisoma Ulaya, likizo ya majira ya baridi ilimkuta katika hosteli isiyo na mtu, giza likiingia saa kumi na moja jioni. Familia moja ya parokia ikamwita Noeli. Siku ya kwanza walimkalisha karibu na moto wakamlisha. Asubuhi ya pili mama wa nyumba alimpa koleo, akamwonyesha theluji iliyofunga mlango, akasema njia ya kwenda kwa bibi jirani lazima ifunguliwe kabla ya Misa. Anasema aliganda vidole, na kwamba ni asubuhi hiyo alipoacha kuhesabu siku za kurudi hosteli. Hata mwaka mmoja haukupita kabla hajaanza kumwita yule mama "mama".

Jibu la pili: wageni hawa ndugu zao wametujengea makanisa na hospitali, tusiwe watovu wa shukrani. Nasi tunashukuru. Wabenediktini waliileta Injili katika milima ya Mahenge, na mwaka 1921 Wakapuchini kutoka Uswisi wakapokea kazi yao. Makaburi ya baadhi yao yamo katika nchi yetu. Lakini Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 53, baada ya kuagiza kwamba wageni wote wapokewe kama Kristo, inaongeza kuwa maskini na wasafiri wapewe uangalifu mkubwa zaidi. Sababu yake ni kwamba tajiri huheshimiwa bila kuagizwa, kwa kuogopwa tu. Basi tukitaka kuwashukuru wamisionari wale, tuishi kanuni waliyokuja nayo. Kumwekea mjukuu wao mtego wa barua si shukrani.

Jibu la tatu: hawa wa kwetu wana ndugu zao, wanajua kujitegemea. Tunauliza, ndugu gani? Kutoka Ifakara mpaka Kibondo ndugu wa karibu ni nani, kama si mbatizwa mwenzake? Kama jumuiya ndogo ndogo si familia kwa mtu aliye mbali na kwao, basi tuache kuimba kwamba sisi ni familia ya Mungu.

Wapo pia watakaotuambia kwamba umaskini unatulazimisha. Hapa tunasema kwa upole, maana sisi pia tunajua Januari ya ada za shule. Kuomba msaada si dhambi. Mwenye shida na aombe, tena aombe wazi, kwa mtu anayehusika, kupitia parokia. Tunachokikataa ni kumwita mtu mwana kwa mdomo huku mkono ukipima uzito wa mfuko wake.

Tangu mwaka ule jumuiya yetu ina utaratibu, nao si mgumu. Mwanzoni mwa Desemba tunauliza vyuoni ni wanafunzi gani watabaki, wa Tanzania na wa nje, na tunawagawa bila kuchagua. Hakuna anayeruhusiwa kukopa wala kuuza mpunga wa kesho kwa ajili ya mgeni. Mgeni anakula kinachopikwa, ukiwa ni wali na samaki, ukiwa ni ugali na matembele. Analala ndani ya chandarua, na hakuna mtoto anayevuliwa chake. Siku ya tatu anapewa jembe.

Noeli iliyopita mwanafunzi kutoka Ujerumani na mwingine wa Kigoma walikuwa katika nyumba moja. Huyu wa Kigoma, aliyezoea maharage na muhogo wa kwao, hakujua mpunga unavyopandwa, hata mwenzake akapata ujasiri. Walirudi kutoka shambani wamechafuka tope hadi magotini, wakigombania ndoo ya kuogea. Mama mwenye nyumba aliwafokea wote wawili kwa sauti moja.

Jumuiya ya mtaa wako itakaa kikao lini? Mtakapokaa, kabla ya kuuliza nani atamchukua mzungu, ulizeni kwanza nani amebaki hosteli.