Mlima Meru Hauna Kosa

Kila tunapouliza kwa nini intaneti ya simu inasuasua katika vijiji vya nyuma ya Mlima Meru, jibu huwa tayari: jiografia. Mlima unapita mita 4,500. Minara mingi huunganishwa kwa mawimbi ya redio yanayodai ionane ana kwa ana, na mawimbi hayo hayapenyi mwamba. Ni kweli. Lakini ukweli huo umegeuzwa kichaka cha kujifichia, kwa sababu mkongo wa nyuzi za kioo hauhitaji kuonana. Huuzunguka mlima kama barabara inavyouzunguka.

Jibu la pili huwa gharama. Hapa ndipo wananchi hawaelezwi ukweli wote. Sehemu kubwa ya gharama ya mkongo imo katika kuchimba mtaro, si katika kioo. Uzi mmoja, mwembamba kama unywele, hubeba miali mingi ya mwanga kwa wakati mmoja, kila mwali na urefu wake wa wimbi, pasipo kuvurugana. Mitambo iliyozoeleka hupitisha miali 80 katika uzi mmoja. Kila mwali ukibeba gigabiti 100 kwa sekunde, jumla ni terabiti 8. Ukihitaji miali zaidi, hufukui ardhi upya. Unaongeza vifaa kwenye ncha za uzi.

Kwa nini basi kila kampuni itake mtaro wake mjini Arusha, kisha zote zidai kwamba kijijini hakuna faida? Mtaro mmoja ungezitosha zote, kila kampuni na mwali wake, gharama wakigawana. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imeweka msingi wa kushirikiana miundombinu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa ajili ya mahali ambapo soko halifiki. Kinachokosekana ni sharti moja: mnara unaojengwa kwa ruzuku ya umma uunganishwe na mkongo wa pamoja. Mnara bila mkongo ni tangi kubwa lililofungwa mrija.

Mwanafunzi wangu mmoja, akiwa likizo nyumbani Ngarenanyuki, hupanda kilima ili anitumie kazi yake. Watumishi wa umma mnaosoma haya, msimwambie tena habari za mlima. Mlima ulikuwapo kabla ya wizara zetu. Mwambieni ni lini kampuni zitalazimishwa kushirikiana.